Historia ya nyumba ya Karen Blixen ianzie jikoni

Mhariri,

Nyumba ya kale iliyoko mtaa wa Karen, karibu na vilima vya Ngong, hujulikana zaidi kama makao ya mwandishi wa Denmark, Karen Blixen, na wageni wengi huizuru kwa sababu ya masimulizi ya mapenzi yake. Sina ugomvi nao. Hata hivyo, kabla ya kuwa makumbusho, nyumba hiyo, iitwayo Mbogani, ilikuwa nyumba ya shamba, na upande huo ndio ninaouombea nafasi katika ukurasa huu.

Ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi Mswidi, Åke Sjögren, kisha mwaka 1917 ikanunuliwa na Blixen na mumewe, Bror. Haina ghorofa, kuta zake ni za mawe, paa ni la vigae, na baraza zake pana huwakinga waliomo dhidi ya jua kali na mvua, ilhali vyumba vya ndani vimepambwa kwa mbao. Mtindo huo wa bangalo Waingereza waliuzoea India kabla ya kuuleta huku. Jiko liliwekwa katika jengo la peke yake, kwa ajili ya moshi na hatari ya moto, na pia, kwa maoni yangu, ili kazi ya mpishi isionekane sebuleni. Humo ndimo Kamante Gatura, kijana wa Kikuyu aliyezaliwa katika familia ya maskwota, yaani Waafrika walioishi kwenye shamba la mlowezi na kumfanyia kazi, alimopata sifa kwa upishi wake.

Shamba lenyewe lilizidi ekari 4,000, na kahawa ilichukua ekari 600 hivi. Mahali hapo, takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, palikuwa na baridi mno kwa zao hilo. Kiwanda kiliungua, bei ikaanguka, na mwaka 1931 ardhi ikauzwa ili igawanywe kuwa viwanja vya makazi. Maskwota, ambao sheria ya mwaka 1918 iliwataka wamfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, walitakiwa kuhama. Blixen aliwasihi maofisa wa serikali hadi wakaruhusiwa kuhamia Dagoretti wakiwa pamoja. Anastahili shukrani kwa hilo, ingawa ni sheria ya ajabu iliyomfanya mwenyeji amhitaji mgeni amwombee mahali pa kuishi.

Serikali ya Denmark iliikabidhi Kenya nyumba hiyo mwaka 1964, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1986. Ninapendekeza ziara za wanafunzi zianzie jikoni, zipitie mabaki ya mitambo ya kahawa, ndipo ziingie sebuleni. Aidha, wazee wa Dagoretti ambao wazazi wao walihamishwa wakati ule wahojiwe na kurekodiwa, kwa Kikuyu na kwa Kiswahili, wangali hai.

Msomaji wenu,
Ngong