Gari la aliyehamishwa: siku za kulala mpakani alipe nani?

Ndugu Mhariri,

Likizo kubwa ikianza mwezi wa saba, barua za uhamisho nazo huanza kutembea. Askari, polisi, karani wa benki, fundi wa mgodi, kila mmoja anahangaika watoto wawahi shule mpya kabla ya Septemba. Vitanda na sufuria havileti ugomvi mkubwa. Ugomvi unaletwa na gari. Mwenye gari hulipa kwanza kwa mfuko wake, hupeleka karatasi bironi kwa mwajiri, na miezi hupita kabla hajaambiwa kwamba nusu ya alicholipa hairudi. Sisi tunaoshughulikia karatasi hizo kati ya Lubumbashi na Kasumbalesa, mpakani na Zambia, tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze pesa hizo zinapotelea wapi. Tunataka pia kusema wazi kwamba gharama moja, ile ya gari kulala mpakani, mara nyingi anatwikwa mtu asiyeisababisha.

Tuanze na sheria, maana inatajwa sana kuliko inavyosomwa. Sheria ya kazi ya Kongo namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtwika mwajiri, katika safari inazozitaja, nauli ya mfanyakazi, ya mwenzi wake na ya watoto wake, pamoja na usafiri wa mizigo yao. Mfanyakazi akisoma “mizigo” anaona gari lake limo. Mwajiri akisoma neno lilelile anaona masanduku, magodoro na friji. Hakuna haja ya kungoja hakimu awaamue. Barua ya uhamisho ina nafasi ya kutosha kuandikwa: gari moja, la aina hii, kwa njia hii, mpaka kiasi hiki. Askari, polisi na watumishi wa kudumu wa serikali hawamo katika sheria hiyo. Kwao agizo la uhamisho ndilo kila kitu, na jambo ambalo halikuandikwa humo kabla ya safari ni vigumu mno kulidai baadaye.

Jambo la pili ni jina. Lubumbashi imejaa magari yanayotembea kwa karte roze, yaani kadi ya umiliki wa gari, ya aliyeyauza. Mtu amenunua gari miaka mitatu iliyopita, hajabadilisha jina, na hakuna aliyemsumbua. Siku anapodai kurudishiwa pesa, biro ya fedha inaona barua ya uhamisho ina jina moja, karte roze ina la pili, na fakitire (ankara) ya msafirishaji ina la tatu, la shemeji aliyesimamia upakiaji. Karani anayekataa faili kama hiyo hana ubaya, kwa sababu mkaguzi akija atamuuliza alilipia gari la nani. Badilisha karte roze kabla gari halijaondoka, hata kama kufanya hivyo kutakuchelewesha wiki moja. Kisha mwambie msafirishaji aandike kwenye fakitire jina lako kama lilivyo kwenye barua, namba ya chasi yote bila kuruka herufi, mahali gari linapotoka na linapokwenda, na tarehe. Muhuri wa duara peke yake hauthibitishi kitu ikiwa chini yake pameandikwa tu “transport véhicule” (usafiri wa gari) na jumla ya pesa.

Jumla hiyo ndiyo inayoua madai mengi. Fakitire nzuri hutenganisha nauli ya gari, bima ya safari, upakiaji, upakuaji, malipo ya wakala wa duane (forodha), na maegesho. Kwa nini? Kwa sababu mwajiri anaweza kukubali nauli na kukataa maegesho. Vyote vikiwa ndani ya namba moja, atakataa yote au atakata kwa kukisia, na anayekisia huwa hakisii kwa faida yako. Ushuru nao usiingizwe kabisa kwenye fakitire ya wakala. Ushuru una karatasi yake ya hesabu kutoka DGDA, idara ya duane ya Kongo, unalipwa benki, na benki inatoa kitansi, yaani risiti. Karatasi hizo mbili zikiambatanishwa, hakuna wa kubisha. Wakala akikuandikia “duane” ndani ya fakitire yake bila kitansi, hata akiwa mkweli kama mtoto, mbele ya mkaguzi hiyo ni hadithi.

Watu pia hushangaa bei inapobadilika kati ya makadirio na fakitire. Kwa njia ya bahari gari kwa kawaida hulipiwa kwa ujazo, si kwa uzito. Chukua gari aina ya Noah lenye urefu wa mita 4.60, upana 1.70 na kimo 1.85: zidisha upate mita za ujazo 14.47 hivi. Sasa acha keria juu ya paa, kimo kifike mita 2.00. Ujazo unakuwa 15.64. Zaidi ya mita moja ya ujazo ya hewa tupu imelipiwa kutoka Japani au Durban, na makadirio yaliyoidhinishwa na biro hayakuwa na keria. Ifungue, iweke ndani ya gari ikiwa msafirishaji anaruhusu vitu ndani, na kama haruhusu, iende na mizigo mingine. Jeshi la Marekani, ambalo huhamisha magari ya askari wake kila mwaka kupita bahari, limeukata ugomvi huu kwa kipimo kilichoandikwa: gari moja, lisilozidi tani za ujazo 20, yaani futi za ujazo 800, ambazo ni kama mita 22.65 za ujazo. Kinachozidi hapo askari analipa mwenyewe, na anajua hivyo kabla hajapeleka gari bandarini. Mwajiri wa hapa hahitaji jeshi kubwa ili aandike sentensi kama hiyo.

Uharibifu una njia yake. Kioo kilichopasuka hakidaiwi kwa mwajiri, kinadaiwa kwa msafirishaji au kwa bima, na kinadaiwa siku gari linapopokelewa. Kabla ya kukabidhi, osha gari, maana tope huficha mikwaruzo ya zamani na msafirishaji atasema hata mipya ni ya zamani. Lizunguke pamoja na mpokeaji, karatasi ikiwa juu ya boneti, mkiandika: mlango wa nyuma kushoto, mkwaruzo wa sentimita 10, taa ya mbele kulia, ufa mdogo, taili la akiba lipo, jeki ipo, spana ya magurudumu ipo, redio ipo. Andika kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi. Piga picha pande nne, ya tano ya dashibodi, ya sita ya namba ya chasi. Mafuta yasizidi robo ya tangi, kwa usalama wa moto, na pia kwa sababu yakizidi hayatakuwemo gari likifika. Toa waya wa betri kama gari litakaa wiki nyingi. Likiwa juu ya lori, hakikisha mikanda imefunga magurudumu: ikivuta mikono ya sasipensheni, barabara mbovu itaimaliza na hakuna atakayekubali kwamba ni yeye. Nyote wawili mnasaini, nakala moja inabaki mkononi mwako.

Gari linalotoka Kinshasa kwa njia ya taifa linapanda tishari hadi Ilebo, kisha treni ya SNCC, shirika la reli la taifa, hadi Lubumbashi. Kila linaposhushwa na kupandishwa, karatasi hiyo ipitiwe upya na kusainiwa. Bila hivyo wa reli atasema liliharibikia mtoni, na wa mtoni atasema liliharibikia relini. Siku ya kulipokea, usisaini kwamba limefika salama halafu ukaanza kulikagua nyumbani. Andika kasoro hapohapo uwanjani, kabla ya kuwasha injini.

Sasa maegesho, na hapa ndipo tunapoomba wakurugenzi wasome polepole. Gari likifika mpakani hupewa siku chache za bure, kisha kila siku ina bei. Linachelewa kwa nini? Mara nyingine wakala amekosea namba ya chasi kwenye tamko la duane na anarekebisha. Lakini mara nyingi tunachongoja ni karatasi ya mwajiri mwenyewe: barua ya kuomba msamaha wa ushuru pale msamaha huo unapowezekana, nakala ya uhamisho yenye saini halisi, au pesa za ushuru ambazo kampuni iliahidi kutuma kutoka makao makuu. Bosi yuko safarini. Barua inakaa mezani. Mwisho wa mwezi biro hiyohiyo inamwambia mfanyakazi kwamba maegesho ni uzembe wake.

Tuweke hesabu mezani. Tuseme gari limefika tarehe 4, siku za bure ni 3, na kila siku baada ya hapo ni dola 15. Tarehe 5 wakala anaomba barua kwa maandishi. Barua inafika tarehe 16. Gari linatoka tarehe 19. Siku za kulipia ni kuanzia 7 hadi 19, yaani siku 13, dola 195. Kati ya hizo, siku 10, kuanzia 7 hadi 16, zilikuwa za kungoja barua: dola 150 ni za mwajiri. Siku 3 zilizobaki, dola 45, ndizo za kuzungumza na wakala au mwenye gari. Hesabu hii haihitaji wakili. Inahitaji tarehe tatu tu zilizoandikwa: siku karatasi ilipoombwa, siku ilipofika, siku gari lilipotoka. Kwa hiyo usiombe karatasi kwa simu. Peleka barua, nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na muhuri huo ndio daftari lako.

Hapo pia kanuni za jeshi la Marekani zina la kufundisha. Gari hupangiwa tarehe ya kufika. Tarehe ikipita na gari halipo, askari hurudishiwa gharama ya kukodi jingine, hadi dola 30 kwa siku kwa siku 7. Si pesa nyingi. Ila kuchelewa kumepewa bei mapema, na bei hiyo haimwangukii aliyehamishwa.

Bado kuna faranga na dola. Msafirishaji anataka dola, biro inarudisha faranga. Tuseme umelipa dola 1,800 siku ambayo dola moja ni faranga 2,300: umetoa faranga 4,140,000. Ukirudishiwa faranga hizohizo wakati dola imefika 2,850, mkononi una dola 1,453 hivi. Ikishuka badala ya kupanda, mwajiri ndiye anayelia. Kubalianeni mapema ni bei ya siku gani, tena ya Benki Kuu ya Kongo, si ya mbadilisha pesa wa kona, na iandikwe kwenye ombi la malipo.

Kuhusu pesa za barabarani tutasema machache. Peaji, yaani ada ya barabara, ina tiketi. Zitunze zote, zibandike kwenye karatasi moja kwa mpangilio wa tarehe, na zipige picha kwa sababu wino wake unafutika. Anayeendesha mwenyewe kutoka Dar es Salaam kupita Tunduma na Zambia atunze pia karatasi ya kadi ya njano ya COMESA, bima ya gari linalovuka mipaka, kwani nayo inadaiwa. Zile zinazotolewa dirishani bila karatasi hazirudi, na kuzibatiza jina jingine ndani ya fakitire kumewaponza watu faili nzima.

Tunawaomba wakurugenzi wa wafanyakazi na maofisa wanaosaini uhamisho waongeze maneno haya katika barua zao, kuanzia likizo hii: “Mwajiri atalipa usafiri wa gari moja la mfanyakazi, lenye namba ya chasi hii, kwa njia hii, hadi dola kadhaa, kwa bei ya Benki Kuu ya siku ya malipo. Maegesho yanayotokana na kungoja karatasi au pesa za mwajiri ni ya mwajiri. Madai kamili yatajibiwa kwa maandishi ndani ya siku 30.” Ni mistari minne. Inaingia chini ya saini bila kuongeza ukurasa.

Wasomaji wenu,
makarani wa usafirishaji na duane,
Lubumbashi