Barua kwa mwanangu: ile nukta uliyoifuta

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Kilwa. Sisi hatujambo, goti la mama yako limepoa, na mvua imeanza kudondoka kidogo kidogo. Jumapili tulipoongea ulisema jambo ukalipita haraka, lakini mimi likanikaa moyoni. Kwamba kwenye zoezi la maabara nukta moja ilikataa kukaa kwenye mstari pamoja na nyingine, nawe ukaifuta, kwa kuwa grafu za wenzako zote zilikuwa zimenyooka. Sikukujibu pale pale. Salio lilikuwa linaisha, na maneno sikuwa nayo. Sasa ninayo, na yametoka kwenye hizo hizo nyota zako.

Unakumbuka uliponitumia habari ya nyota inayoitwa Mpingo? Kwamba mwaka 2019, Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulipotimiza miaka 100, kila nchi ilipewa nyota na sayari yake izipe majina, na Tanzania ikaichukua WASP-71, ikaiita Mpingo, na sayari yake Tanzanite. Mimi niliyekusomesha kwa mpingo nilizunguka nayo habari hiyo mtaa mzima. Nikadhani sayari yenyewe ni ya bluu na ya baridi kama lile jiwe. Kumbe ni tanuri! Ni dubwana la gesi, pana kuliko Mshtarii, ile sayari kubwa kuliko zote zinazolizunguka Jua letu, limejibana kwenye nyota yake hata mwaka wake mzima ni siku tatu kasoro kidogo, na joto lake linapita nyuzi 1,700. Wakenya nao walipata ya aina hiyo hiyo, ya siku tatu. Wakaiita Buru, yaani vumbi kwa Kijaluo, na nyota yake Kalausi, ule upepo wa kisulisuli.

Nikaanza kusoma. Mwalimu jirani yetu amenisaidia sana, Mungu ambariki. Nilichotaka kujua ni kimoja: nani aliyegundua sayari za namna hii mara ya kwanza, na aliziamini vipi?

Ulikuwa na miaka minane siku ile nilipokuwa nakereza mguu wa meza nawe umeshika msasa unasubiri zamu yako. Gogo likaanza kutetemeka kwenye mashine. Kwa nje lilikuwa zima, jeusi, halina hata ufa. Nikazima, nikalipasua, tukakuta ndani kuna uwazi uliojaa udongo mwekundu. Uliniuliza nilijuaje. Nilikwambia mtikisiko hauji bure.

Ndivyo walivyofanya wanaastronomia wa Uswisi, Michel Mayor na mwanafunzi wake wa shahada ya uzamivu, Didier Queloz. Sayari hawakuiona. Waliuchambua mwanga wa nyota 51 Pegasi, iliyo umbali wa miaka ya nuru 50 hivi, kwa darubini ya Haute-Provence kusini mwa Ufaransa, wakaona nyota inasogea kuja kwetu na kurudi nyuma, kwa mwendo usiofika mita 60 kwa sekunde. Kuna kitu kilikuwa kinaivuta. Tabu ni kwamba kilikuwa kinamaliza mzunguko kwa siku 4.2. Mshtarii wetu hutumia karibu miaka 12, na hata Utaridi, iliyo karibu na Jua kuliko sayari zote, hutumia siku 88. Watu waliamini sayari kubwa za gesi hujengeka mbali, kwenye baridi na barafu, kwa hiyo waliozitafuta walijipanga kusubiri miaka mingi. Mwanaastronomia Otto Struve alikwisha kuandika mwaka 1952 kwamba huenda zipo kubwa zilizo karibu kabisa na nyota zao. Neno lake likapita kama upepo.

Basi kijana Queloz, mwanzoni mwa 1995, mwalimu wake yuko Hawaii, ana vipimo visivyofanana na kitu chochote kilichoandikwa. Jambo la kwanza alilofikiri ni kwamba programu aliyoiandika mwenyewe ina kosa. Mwanangu, hapa ndipo nilipoweka kitabu chini nikakuwaza wewe. Alitafuta kosa lake kila mahali. Ila vipimo hakuvifuta. Nyota ikapotea nyuma ya Jua, wakalazimika kungoja hadi Julai. Kabla haijarudi walipiga hesabu: kama kweli ni sayari, usiku fulani nyota itakuwa na mwendo wa kiasi fulani. Wakapima, ikawa vile vile. Oktoba wakatangaza mjini Florence, na siku chache baadaye Wamarekani wakaipima wenyewe kwa darubini ya Lick, California, wakaikuta. Tuzo ya Nobel ilikuja 2019.

Baada ya hapo zimefuata nyingi, ingawa ni chache ukilinganisha na nyota zenyewe: nyota kama Jua zenye majitu hayo ya moto ni moja hivi katika mia, au hata pungufu. Wengi wanaona zilizaliwa mbali kisha zikasogea ndani. Iliyonishangaza kuliko zote ni sayari KELT-9b, iliyogunduliwa mwaka 2017. Upande wake wa mchana unapita nyuzi 4,000. Tezo yangu ikifika huko chuma chake hakitaishia kuyeyuka, kitapaa kama mvuke, na kweli wamekuta mvuke wa chuma katika hewa yake. Na lenzi iliyoigundua ina upana wa milimita 42, mwanangu! Nimeipima kwa rula kwenye kikombe changu cha kahawa, inaingia.

Ukija likizo ya Desemba tutoke uani saa mbili usiku. Mwalimu amenionyesha kwenye ramani: Mpingo itakuwa karibu na utosi, kaskazini kidogo, kwenye kundi la Nyangumi. Kwa macho haionekani, tutaonyeshana mahali tu. Na lile daftari la maabara uje nalo. Nataka unichoree ile nukta pale pale ilipokuwa, kisha unieleze siku ile mlipima nini na mlipimaje, hatua kwa hatua.

Mama yako anakusalimu sana.

Ni mimi baba yako.