Barua kwa binti yangu: pikapu hukaguliwa uvunguni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, mama. Ujumbe wako nimeupata pamoja na picha za magari yote mawili. Nimefurahi sana kwamba umeamua kuiacha IST. Lile ni gari la mjini. Matenga ya nyanya na magunia ya karoti yalikuwa yanalimaliza, na kila masika nilikuwa roho juu nikijua uko kwenye utelezi huko juu ya Soni na gari ambalo tumbo lake linasugua tuta la katikati ya njia. Pikapu ndiyo saizi ya kazi yako. Kilichobaki ni kuchagua.

Nakuambia mapema: mimi naitaka ile singo kabini nyeupe iliyopauka, yenye viti vya mbele tu. Najua umeipenda ile Hilux Vigo dabo kabini, yenye viti vya nyuma, na ni gari zuri. Lakini muuzaji anakwambia ni ya 2010 na kwamba imetembea barabara za Japani tu. Mdai karatasi. Toyota iliacha kuuza Hilux mpya Japani mwaka 2004, ikaja kuirudisha sokoni huko mwaka 2017. Hilux ya 2010 inaweza kuwa imetoka Thailand, Uingereza, Australia au Afrika Kusini, au ilinunuliwa mpya hapa hapa kwetu. Si kosa gari kutoka huko. Ila mtu anayekutungia hadithi ya nchi, hata kilometa anazokusomea kwenye dashibodi siziamini.

Halafu kuna mafuta. Injini ya Vigo, hiyo wanayoiita D-4D, husukuma dizeli kwa shinikizo kubwa mno kupitia nozeli zinazoongozwa na kompyuta. Dizeli yenye maji au uchafu inaziua nozeli hizo, na bei yake utalia. Wewe kuna siku unanunua dizeli ya madumu. Unakumbuka uchakachuaji wa mafuta ulivyokuwa umetapakaa nchini, mpaka EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wakaanza kutia vinasaba, yaani alama ya kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010. Vituo vikubwa siku hizi vina nafuu, lakini dumu la kando ya njia halina wa kulidhamini.

Ile nyeupe ina injini ya dizeli inayoitwa 5L, ya pampu ya zamani: silinda nne, lita tatu kasoro kidogo, haina tabo. Haina mbio. Kutoka Mombo ukiwa na mzigo itapanda kwa gia ndogo na mabasi yatakupita, waache wapite. Lakini mafundi wa Korogwe, Lushoto na Same wanaijua injini hiyo, na spea zake hazisubiriwi kutoka Dar. Kabichi zako zikilala njiani siku mbili ni hasara tupu. Kwa kazi yako, gari la uhakika ni lile linalotengenezeka siku hiyo hiyo.

Sasa ukaguzi. Nimeendesha pikapu za serikali mpaka nastaafu, na nimeona wanunuzi wengi wakizunguka gari wakipapasa rangi. Rangi hupulizwa kwa siku moja. Wewe tandika mkeka, lala chini, umulike chesisi kwa tochi kuanzia mbele mpaka nyuma. Chunguza zaidi pale kebini inapoishia na bodi ya mizigo inapoanza, maana mzigo ukizidi chesisi hupinda na kupasuka hapo. Ukiona imechomelewa, au pamepakwa lami mpya sehemu hiyo peke yake, aga uondoke. Hesabu majani ya springi za nyuma, kushoto na kulia. Yakiwa yameongezwa, ujue gari la tani moja lilikuwa likibebeshwa mbili. Uliza pia lilikuwa likibeba nini. Pikapu iliyobeba samaki au chumvi huku pwani huliwa na kutu kwa ndani ya chesisi, mahali ambapo brashi haifiki. Gonga kwa nyundo ndogo usikilize kama chuma bado kinalia kizima.

Fika asubuhi, na mwambie muuzaji asiwashe kabla yako. Shika injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, kuna kitu anakificha. Ikiwaka, tazama moshi wa nyuma. Wa bluu ukiendelea kutoka, inakula oili. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma taratibu: upepo ukikisukuma kwa nguvu, ringi za pistoni zimechoka. Rejeta uifungue kabla injini haijapata moto, uangalie kama kuna mafuta yanayoelea. Taiming belti nayo hubadilishwa kila kilometa 100,000 hivi. Kama hana kumbukumbu ya lini ilibadilishwa, weka bei ya mpya kwenye hesabu yako na uifunge kabla hujapakia hata gunia moja, kwa sababu ikikatika valvu hugongana na pistoni.

Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ya injini zilingane na kadi, na jina la kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia. Mkataba muandikishane mbele ya wakili, kisha mwende TRA, Mamlaka ya Mapato, kubadilisha umiliki. Usikubali kuambiwa "tutabadilisha baadaye".

Na jambo hili, mwanangu, linaninyima usingizi kuliko bei. IST huvutwa na magurudumu ya mbele. Pikapu husukumwa na ya nyuma, na ikiwa tupu nyuma kunakuwa kwepesi. Kwenye udongo wenye mvua mkia huchomoka ghafla. Wakati wa mvua weka mifuko miwili ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma unaporudi bila mzigo, na ukikata kona tembea polepole. Ukishuka Mombo na shehena, tumia gia ileile ambayo ungepandia, usikae juu ya breki, zitachemka.

Jumamosi nitapanda basi la asubuhi, nikukute Mombo. Nakuja na fundi ninayemwamini, na ovaroli yangu, maana uvunguni nataka kuingia mwenyewe. Mpaka hapo usitoe kianzio, hata akikwambia kuna mteja mwingine anayekuja na fedha mkononi.

Mama anakusalimu, wajukuu wabusu.

Baba yako