Mama mdogo, acha hiyo diklofenaki

Mama mdogo, shikamoo.

Sauti uliyonitumia Jumapili nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, maana "sasa" ilitoka "fafa". Mara ya pili nikanyamaza. Ya tatu nikahesabu: hilo ni jino la nne la mbele kung'olewa tangu niondoke kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Na unasema la tano limeanza, umejinunulia diklofenaki dukani, unameza mbili asubuhi na mbili jioni, na tumbo nalo "limeamka tena".

Naandika hadharani bila kukutaja, kwa sababu kwenye zoni yetu mko wengi wa namna hiyo. Wewe utasomewa na wadogo zangu.

Acha hiyo dawa leo, usingoje pakiti iishe. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinapunguza ule ute unaolinda ukuta wa tumbo usiliwe na asidi. Wewe uliyeshaambiwa una vidonda vya tumbo unaweza kuvuja damu ndani huku ukidhani unatibu jino. Ukiona choo cheusi kama lami, au ukatapika kitu kama mashapo ya kahawa, usisubiri kupambazuke. Kwa maumivu meza parasetamoli: vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visivuke vinane kwa siku. Na aspirini isisagwe ikabandikwa kwenye jino kama alivyofanya marehemu babu. Inaunguza fizi, kisha inashuka tumboni vilevile. Maji ya betri ya kutia kwenye jino hata sitaki kuyasikia.

Sasa nikuambie nililolijua huku Marekani, ninakosafisha vifaa kwenye kliniki ya meno. Siku moja daktari alinionyesha kwa kioo kidogo meno ya juu ya mgonjwa, upande wa nyuma, ule unaoguswa na ulimi. Yalikuwa yamelika, yamebonyea, membamba kama ganda la yai. Akaniambia haya hayajaliwa na sukari, yameliwa na asidi inayopanda kutoka tumboni. Nilikuona wewe pale, mama mdogo. Yako yalikuwa yakikatika ncha, nasi tukasema ni uzee, ni maji ya kambini, ni mimba nane.

Gamba gumu la jino huanza kuyeyuka kinywa kikishuka chini ya pH 5.5 hivi (pH ni kipimo cha asidi, namba ikishuka ukali unapanda). Asidi ya tumbo iko kwenye 1 au 2. Mchana mate yanaisuuza. Usiku mate hupungua, asidi inakaa. Vidonda vyenyewe havili meno, kinachokula meno ni kule kucheua kwa uchungu. Kwetu kila anayeungua kifua huambiwa ana vidonda vya tumbo, wakati mwingine ni kiungulia tu, wakati mwingine ni vyote viwili. Ndiyo maana nataka upimwe, usikisiwe.

Na kucheua kwako usiku najua kunakotoka. Mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, mkaanza kula mara moja, jioni, kisha mnalala mapema kuokoa taa. Tumbo lililoshinda tupu linajazwa ugali na dengu kwa mkupuo, halafu unajilaza chali. Tena dengu zenyewe unazimeza nzima kwa sababu magego mawili ya kulia hayapo. Siwezi kukuongezea mgao. Lakini kama kile chakula kinaweza kugawanywa mara mbili, kigawe, na cha mwisho kiliwe saa mbili au tatu kabla ya kulala. Kitanda chako cha miti kiwekewe tofali chini ya miguu ya upande wa kichwa, kiinuke kama sentimita 15 au 20. Lalia ubavu wa kushoto.

Ukicheua au kutapika, usikimbilie mswaki. Jino wakati huo limelainika, na wewe na ule mkaa wako wa kusaga mnapitisha msasa. Sukutua kwa maji, ukipata soda ya kuokea tia kijiko kidogo kwenye glasi (si magadi ya maharage, hayo ni makali), subiri angalau nusu saa, ndipo upige mswaki kwa dawa yenye floraidi. Teme povu, usisuuze sana.

Kuna jambo nililokasirikia kidogo. Ulipopewa dawa za yule bakteria wa vidonda, antibayotiki mbili na omeprazoli, ukaacha siku ya tano kwa sababu mdomo ulikuwa na ladha ya chuma, zilizobaki ukampa jirani. Ladha ile huenda ni ya metronidazoli, mojawapo ya hizo antibayotiki, inaondoka yenyewe. Dozi aghalabu ni siku 14. Bakteria aliyeachwa nusu anaweza kurudi akiwa sugu, na sasa mko wawili, wewe na jirani.

Ukienda kwa wa meno, mwambie habari za tumbo kabla hajakuuliza, na mwulize kama jino lina njia nyingine. Enzi zetu pale njia ilikuwa koleo. Simlaumu aliyeshika koleo, foleni ilizunguka jengo. Na mwonyeshe ulimi. Ukiwa laini, mwekundu, na pembe za midomo zinapasuka, huenda damu imepungua. Kwa mtu mwenye vidonda hilo lina uzito wake.

Zile tofali za choo kilichobomoka bado ziko nyuma ya migomba? Wadogo wachukue nne. Nitapiga Jumapili baada ya misa. Unieleze kwanza habari za kitanda, harusi ya dada tutaizungumza baadaye.