Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Makomredi,

Mwaka huu chama chetu cha wanafunzi kilikuwa na mihuri miwili. Mmoja uko kwenye droo ya katibu, wino umeukaukia. Wa pili waliutengeneza wenzetu waliojitenga mwezi wa Machi, na kusema kweli unapiga vizuri kuliko wetu. Mkuu wa Wanafunzi alipoletewa barua mbili zenye jina la chama kimoja, zikiomba ukumbi uleule siku ileile, alizirudisha zote mbili. Ndiyo sababu usiku wa utamaduni haukufanyika. Pesa zilikuwapo.

Wengi mmeniuliza kwa nini sikuwachukulia hatua. Ni kwa kuwa hoja yao, kwamba kila mwanachama apige kura, ina mashiko. Sheria ya Vyuo Vikuu ya Kenya iliporekebishwa mwaka 2016, viongozi wa baraza la wanafunzi wakaanza kuchaguliwa na wajumbe, si kwa kura ya kila mwanafunzi. Sheria hiyo haikugusa vyama vidogo kama chetu. Tuliiga tu, maana wajumbe wachache hukusanyika upesi. Hulishwa upesi vilevile. Usiku wa kuamkia uchaguzi ulioniweka hapa, wajumbe walikula kuku na chipsi kwa gharama ya upande wangu, na aliyekuwa akiwamiminia soda ni mimi.

Kwa hiyo wenzetu walipoitisha kamukunji, yaani mkutano wa hadhara, nje ya maktaba kudai kura ya kila mwanachama, nilijua wanamsema nani. Nilikaa kimya majuma matatu. Nilipojibu, nilijibu kwa barua ya kutishia kuwafukuza, nao wakawa wameshachonga muhuri.

Kwenye kamati wapo wanaosema wametumwa na wanasiasa. Mimi sijaona ushahidi. Mwenye nao aulete leo. Kila upande pia ulijifananisha na Wafula Buke, mwenyekiti wa SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefungwa jela baada ya serikali kukipiga chama hicho marufuku mwaka 1987. Jamani, tuwe na haya kidogo. Sisi tulikuwa tunagombania ukumbi.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Langu ni moja tu: ada waliyolipa wenzetu mwezi wa Januari bado imo kwenye akaunti yetu. Napendekeza warudishiwe, wawe wamerudi au hawajarudi. Masomo ya jioni kwa mwaka wa kwanza yaliendelea vizuri, kwa jasho la makamu wangu kuliko langu.

Naomba mkutano huu ukifute kipengele cha wajumbe kwenye katiba, ili uchaguzi wa muhula ujao kila mwenye kadi apige kura yake mwenyewe. Mimi sitagombea.

Barua ya mwaliko niliwapelekea wenzetu juzi, kwa mkono. Wawili wamesema watakuja leo, na muhuri wao mfukoni. Naomba wawekewe viti vya mbele.