Asilimia 65 ya nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanaotengeneza, na wanaonunua, zile programu za simu za kupima maendeleo ya ujenzi. Nimefundisha hisabati shule za msingi kwa miaka 34. Nilipostaafu, kijiji chetu huku Mufindi kilinichagua kuwa katibu wa kamati ya ujenzi wa zahanati, na kila Ijumaa kazi ya kujaza programu hiyo ilikuwa yangu.

Mfadhili alituletea simu ikiwa na programu ndani. Unachagua hatua, unaandika kiasi kilicholipwa, unapiga picha, unatuma. Mjini ofisini kwao wanaona mstari unapanda. Mimi siipingi. Zamani taarifa ya mradi ilikuwa barua ya mkono iliyopitia meza nne, na ilipofika ukuta ulikuwa umeshabadilika. Tangu yale madarasa 15,000 ya mwaka 2021 yaliyojengwa kwa fedha za UVIKO-19, wanakijiji wengi wamejikuta kwenye kamati za ujenzi kama mimi, na chombo cha kutusaidia kuona tulipofika kinahitajika sana.

Mwanzoni mwa Juni programu yetu ilisoma asilimia 65. Nilikuwa nimesimama mbele ya jengo lenyewe. Matofali yalikuwa yamefika usawa wa juu ya madirisha, lenta, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, bado, na ndani mbuzi wa jirani walikuwa wakipita kutoka mlango huu hadi ule. Nikakaa juu ya rundo la kokoto nikatafuta hiyo 65 imetoka wapi. Makadirio ya jengo zima yalikuwa shilingi milioni 120. Tulikuwa tumeshalipa milioni 78, kwa sababu mabati, mbao na nondo tulinunua mapema kukwepa bei kupanda. 78 kwa 120 ni asilimia 65. Hesabu haina kosa hata moja. Ila mabati yenyewe yalikuwa nyumbani kwa mwenyekiti wa kitongoji, yamefunikwa turubai.

Mtoto akiniandikia jibu "65" tupu, nilikuwa namrudishia daftari. 65 nini? Kilo? Machungwa? Programu ile haikuwahi kuulizwa swali hilo. Ilipima fedha iliyotoka, ikaipa jina la kazi iliyofanyika.

Ofisi iliiamini, na haikuwa na sababu ya kutoiamini. Ikawapigia mafundi wa kupaua. Wakapanda lori kutoka Mafinga na misumeno yao, wakafika wakakuta hakuna pa kuweka kenchi, zile fremu za mbao za paa. Vijana wale hawakuwa na kosa lolote. Tuliwalipa nauli na siku mbili za kazi, na fedha hiyo tuliichota kwenye fungu la milango.

Jioni yake fundi mkuu alinikuta barazani. "Kamwene, Mwalimu," akaniambia, "chukua daftari, mimi nachukua futi, tukapime wenyewe." Tulipima. Katika mchanganuo wetu wa gharama, msingi na jamvi (zege la chini ya sakafu) vilibeba asilimia 22 ya thamani ya jengo, na hivyo vilikuwa vimekwisha. Ukuta wote pamoja na lenta ulibeba 24, na tulikuwa tumejenga theluthi mbili yake, yaani 16. Jumla 38. Paa, plasta, sakafu, milango, rangi: sifuri. Hiyo 38 ndiyo iliyokuwa imesimama pale, mtu angeweza kuigusa.

Kijana wangu anasoma ujenzi katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Nilipomsomea hesabu hiyo kwenye simu aliniambia, "Mama, hiyo si ngeni." Akanieleza kwamba Wizara ya Ulinzi ya Marekani, mwaka 1967, iliwadai wakandarasi wake watenganishe mambo matatu: kazi iliyopaswa kuwa imefanyika kufikia leo, kazi iliyofanyika kweli, na fedha iliyotumika. Yote matatu yanaandikwa kwa shilingi ili yaweze kulinganishwa, lakini hayachanganywi. Nilifurahi kuwa si mimi peke yangu, kisha nikasikitika. Jambo lililojulikana miaka yote hiyo, kwa nini halimo kwenye simu niliyopewa?

Kuna jambo la pili, na hili liliniumiza zaidi. Lenta tuliimwaga Julai. Anayeijua Mufindi, Njombe au Makete anaijua Julai yetu: kuna asubuhi umande unaganda kwenye majani. Saruji hukomaa kwa kuungana na maji, na baridi huchelewesha muungano huo. Ndiyo maana wahandisi hupima nguvu ya zege siku ya 7 na siku ya 28, wakilitunza katika joto maalumu. Programu yetu ilikuwa imepangiwa siku tano tu kati ya kumwaga lenta na kuendelea juu, mahali popote, kwenye joto la pwani au kwenye baridi ya huku. Siku zile fundi alikuwa akifunika zege kwa magunia usiku na kulimwagilia maji mchana. Hiyo ni kazi, tena kazi inayoamua jengo litadumu au halitadumu, lakini kwenye simu haina mahali pa kuandikwa. Mstari ulilala.

Siku ya tisa nikapigiwa simu kutoka ofisini mjini. "Mama, mbona mmekwama?" Nikamuuliza fundi. "Waambie zege bado bichi, Mwalimu." Nikawaambia. Wakapiga tena kesho yake, na keshokutwa. Mwishowe kamati yetu ikaogopa, tukamlazimisha fundi atoe mirunda, miti inayoshikilia zege, chini ya lenta ya mlango mkubwa. Nilikuwa mmoja wa waliopiga kura ya kuitoa, nami nalisema hili wazi. Baada ya siku mbili ulitokea ufa. Tukabomoa kipande kile tukamwaga upya, saruji mifuko minne na nondo mpya.

Ijumaa hiyo nikataka kuandika ukweli, kwamba kazi imerudi nyuma. Programu ilikataa. Haipokei namba ndogo kuliko ya wiki iliyopita. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu za mjini lenta ile haikupasuka kamwe.

Nawaomba wataalamu wetu vijana, wa Mbeya, Iringa na kwingineko, mnaoandika programu hizi: wekeni fedha kwake na kazi kwake. Kila hatua ipewe uzito wake kutoka kwenye mchanganuo, na anayejaza aandike vipimo, mita za ukuta na idadi ya kozi (mistari ya matofali), asilimia ikokotolewe na mashine yenyewe. Wekeni kitufe cha "zege linakomaa" chenye siku zake, siku ziongezeke palipo na baridi. Ruhusuni namba ishuke. Na fundi aone namba kabla haijatumwa, kwa sababu wetu hakuwahi kuiona hata mara moja mpaka siku ile ya lori.

Zahanati ilipauliwa Oktoba, kabla ya mvua. Daftari langu lina vipimo vya kila Ijumaa kuanzia jioni ile ya futi hadi rangi, pamoja na siku za baridi na siku za kumwagilia. Yeyote anayetengeneza au kurekebisha programu ya namna hii aje, nitamkalisha barazani apige picha kila ukurasa.

Mwalimu mstaafu,
Mufindi, Iringa