Kuomba kuona vitabu si kumwita mtu mwizi

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lililopita mlichapisha barua ya kiongozi wa chama kimoja cha kusaidiana huku Marekani. Alilalamika kwamba siku hizi wanachama wanadai kukagua hesabu kana kwamba viongozi ni wahalifu, na kwamba aliye na imani na wenzake hana haja ya kufungua vitabu. Namheshimu mtu anayejitolea jioni zake kwa ajili ya wengine bila kulipwa. Lakini kauli hiyohiyo ya imani ndiyo iliyokitesa chama chetu, kwa hiyo naomba nafasi nimjibu.

Mimi ni mwanachama wa chama cha kufa na kuzikana hapa California, kilichosajiliwa kama shirika lisilo la faida. Tunachanga kila mwezi, na mwenzetu akifiwa tunasaidia kusafirisha mwili. Kwa miaka minne hesabu zetu zilikuwa karatasi moja iliyosomwa haraka mwisho wa mkutano, watu wamekwisha simama na watoto wanalia njaa. Siku moja nikauliza kama naweza kuona taarifa za benki. Mwenyekiti akaniuliza mbele ya watu wote, "Kwani unamshuku nani?" Sikuwa namshuku mtu. Nikaona aibu, nikakaa, na sikuuliza tena kwa mwaka mzima.

Sheria haimuulizi mwanachama anamshuku nani. Hapa California kifungu cha 6333 cha sheria ya mashirika, na mwenzake cha 8333 kwa vyama vilivyoundwa kwa manufaa ya wanachama wenyewe, vinasema vitabu vya hesabu na kumbukumbu za vikao vya wanachama, vya bodi na vya kamati zake viwe wazi kwa mwanachama yeyote anayeomba kwa maandishi, kwa wakati unaofaa, mradi lengo lake linahusiana na maslahi yake kama mwanachama. Kutaka kujua michango yako imetumikaje ni lengo la namna hiyo. Kutaka kujua ili umkomoe jirani mliyegombana si lengo hilo. Na katiba ya chama haidai hata lengo: inapaswa kuwepo kwenye ofisi kuu, mwanachama aisome saa za kazi. Mwanachama anaweza kumtuma wakili au mtu mwingine wa kumwakilisha, na ana ruhusa ya kunakili. Wale wanaosema kila kitu kiko kwenye kompyuta ya mweka hazina wajue kwamba kumbukumbu zisipokuwa kwenye karatasi, chama ndicho kinachopaswa kuzitoa kwa maandishi kwa gharama yake.

Nakubaliana na ndugu yetu kwenye jambo moja, nalo ni orodha ya wanachama. Majina na anwani za watu si kitu cha kugawa ovyo, hasa miongoni mwa wahamiaji. Sheria imelifikiria hilo. Anayetaka orodha anatoa taarifa ya maandishi siku tano za kazi kabla na kueleza sababu, na chama kina siku kumi za kazi za kumpendekezea njia nyingine itakayotimiza lengo lake, kwa mfano kuwatumia wanachama barua yake bila yeye kuona anwani zao. Tena ni marufuku kuitumia orodha hiyo kwa jambo lisilohusu maslahi yako kama mwanachama. Kwa hiyo bodi yenye wasiwasi ina kinga halali mikononi mwake. Haina sababu ya kufunga kabati zima kwa ajili ya droo moja.

Kila jimbo lina utaratibu wake. New York, anayetaka kuona kumbukumbu za vikao vya wanachama na orodha ya majina kwa kawaida awe amekuwa mwanachama kwa miezi sita au zaidi. Delaware ombi huandikwa chini ya kiapo, na bodi ikikaa kimya siku tano za kazi unaweza kwenda mahakamani. Kwa hiyo msomaji aliye jimbo jingine asinakili barua yangu neno kwa neno. Aangalie kwanza chama chake kimesajiliwa wapi, maana sheria inayofuatwa kwa kawaida ni ya jimbo la usajili, hata kama mikutano inafanyika kwingine.

Kuna jambo lililowaumiza watu wengi niliozungumza nao, nalo ni neno lenyewe, mwanachama. Unalipa ada, una kadi, unaitwa mwanachama kwenye kila tangazo, kisha siku ya kudai hesabu unaambiwa kisheria wewe si mwanachama. Inawezekana kabisa. California inamtambua mwanachama kwa kura yake: ana haki ya kuchagua wakurugenzi, au kupigia kura mambo makubwa kama kuuza mali yote ya chama, kukivunja au kubadilisha katiba. Kama katiba yenu inasema bodi inajichagua yenyewe na ninyi hamna kura yoyote, haki nilizoeleza hapo juu huenda hamnazo. Isomeni kabla ya kulipa ada ya mwaka ujao.

Hata hao bado hawajafungiwa kila mlango. Shirika lililosamehewa kodi ya serikali kuu lina wajibu wa kumwonyesha mtu yeyote, hata mpita njia, ombi lake la msamaha wa kodi na Fomu 990, yaani taarifa yake ya kila mwaka kwa mamlaka ya kodi, za miaka mitatu ya karibuni. Ukienda mwenyewe ofisini unapaswa kuzipata siku hiyohiyo, na ukiandika barua, ndani ya siku 30. Tatizo ni kwamba vyama vidogo, ambavyo mapato yao kwa kawaida hayazidi dola 50,000 kwa mwaka, huruhusiwa kujaza taarifa fupi ya kielektroniki isiyoonyesha fedha zimeingiaje wala kutokaje. Vyama vyetu vingi viko humo. Kwetu, vitabu vya chama ndivyo vyenye majibu.

Baada ya ule mwaka wa kunyamaza niliandika barua ya nusu ukurasa. Nilitaja kipindi cha miaka minne, karatasi ninazotaka, sababu yangu, na siku tatu ninazoweza kufika. Sikuweka neno la lawama. Ikachukua wiki sita na barua ya pili, iliyotaja kwamba mahakama inaweza kukiamuru chama kinilipe gharama na ada ya wakili kikininyima bila sababu ya haki. Nikaenda na rafiki yangu mhasibu, tukakaa kutwa nzima na maboksi matatu.

Hapakuwa na wizi. Palikuwa na ghala la kukodi tulilokwisha hama, na kodi yake ikaendelea kukatwa benki kwa miezi kumi na minne kwa sababu hakuna aliyekuwa akiangalia. Na palikuwa na risiti za mweka hazina wetu, kila moja imebandikwa kwa tarehe, hata ile ya stempu. Mtu huyu alikuwa amesengenywa kwenye misiba na harusi kwa miaka, watu wakihesabu gari lake na safari zake, na ushahidi wa uaminifu wake ulikuwa umefungiwa ndani ya boksi na wenzake waliodhani wanamlinda. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilichojifunza siku ile ni kwamba hata jina zuri la mtu hupotea hivyohivyo. Alipotuona tunafunga maboksi aliuliza tu kama tumeona kila kitu, kisha akageuka akaangalia dirishani.

Ndugu kiongozi aliyeandika, sina shaka na wewe. Lakini mwanachama wako anayeuliza huenda naye hana shaka na wewe. Mpe tarehe, mpe meza na kiti, mwache asome.

Kwenye mkutano wetu mkuu ujao nitawasilisha pendekezo la kurekebisha katiba ili mara mbili kwa mwaka vitabu viwekwe mezani saa mbili kabla ya kikao, mtu yeyote apekue bila kuandika barua. Mweka hazina ameniahidi kuliunga mkono. Mwenyekiti bado hajanijibu.

Mwanachama, California